Uliza Mama Spea: Silinda moja, sura ya kizamani

Kuna miezi barua zinakuja za kila namna, na kuna miezi kama huu ambapo karibu kila anayeandika anauliza jambo lile lile kwa mdomo wake: hizi pikipiki ndogo za silinda moja, tenki la mviringo, taa moja ya duara mbele, zina nini hata watu wazima na akili zao wazitamani? Basi leo kaunta yangu ya Ngamiani ni ya hizo tu. Wawili wa bajaji nitawajibu mwezi ujao. Na yule aliyeniomba nimtafutie mchumba kwa kuwa eti nawajua madereva wote wa Tanga: mimi nauza vipuri, mwanangu.

Shikamoo Mama Spea. Mimi ni mhasibu, nina miaka 47. Gari ninalo, nyumba yangu imefika kwenye lenta. Juzi nilikuwa Raskazone nakunywa dafu, akapita mgeni na pikipiki yenye namba za Kenya, rangi ya kijani iliyokolea, inadunda taratibu. Nikamfuata nikamuuliza, akasema ni Royal Enfield Classic, cc 350, silinda moja. Tangu hapo usingizi haunijii vizuri. Vijana wa kijiweni kwetu wananicheka. Wanasema ina uzito wa karibu kilo 200 na nguvu za farasi 20 tu, na kwa hela ile ningepata Boxer kadhaa. Je, hii ni akili au uzee unabisha hodi? Na nikiinunua nitaiweza hapa Tanga? (Mhasibu, Chumbageni)

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza tuwape vijana haki yao, maana hesabu zao ziko sawa. Classic 350 ina kilo 195, na farasi wake ni 20 na nukta. Boxer ya 150 ina farasi kama 12. Umeongeza cc 200, umeongeza na uzito wa mtu mzima, ukapata farasi wanane. Kwa anayepeleka magunia ya mkaa hiyo ni biashara ya kichaa. Ila wewe huna gunia.

Sasa wapelekee hesabu ambayo hawakuileta kijiweni. Nguvu ya msokoto ya Classic ni nyutonimita 27, na inaitoa injini ikiwa kwenye mizunguko 4,000 tu kwa dakika. Boxer 150 inatoa kama 12, tena kwenye 5,000. Msokoto ndio ule unaouhisi kiunoni ukifungua mafuta. Kwenye kona za kutoka Mombo kupanda Lushoto, pale ambapo kijana wa boda anarudi gia ya pili na injini inalia, wewe unabaki na gia uliyokuwa nayo, unaongeza mafuta kidogo, chuma kinapanda bila kugombana na mtu.

Siri iko kwenye vipimo viwili ambavyo wanunuzi hawavisomi. Upana wa silinda ni milimita 72, safari ya pistoni ni milimita 85.8. Pistoni inasafiri mbali kuliko upana wake. Honda nao walipoingia kwenye soko hili kule India mwaka 2020 na H'ness CB350 wakavuka hapo: 70 kwa 90.5. Pikipiki za mashindano zinafanya kinyume, pistoni pana na safari fupi, ili injini izunguke kwa kasi kubwa. Hii ya safari ndefu haitaki haraka. Halafu ndani kuna flaiwili nzito. Umewahi kumwona fundi cherehani ameshaacha kukanyaga, gurudumu bado linazunguka na sindano bado inashuka? Flaiwili ndiyo kazi yake hiyo, inaibeba injini kutoka mlipuko mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana unaweza kujipenyeza pembeni ya Soko la Mgandini kwa mwendo wa mkokoteni na injini isikohoe wala kuzima.

Na ule mdundo uliokutoa kwenye dafu lako? Injini ya mipigo minne huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili. Silinda ikiwa moja na injini imetulia kwenye mizunguko 1,000, hiyo ni milipuko 500 kwa dakika, kama minane kwa sekunde. Sikio linakaribia kuihesabu. Injini ya silinda nne kwenye mzunguko huo huo inatoa milipuko 2,000, na hapo sikio hukata tamaa, likasikia mvumo tu. Pale Raskazone ulikuwa unasikia kila mlipuko peke yake, na mtu akishausikia hivyo huanza kuamini kwamba mashine anaielewa. Kwa silinda moja imani hiyo si ya bure. Plagi moja, pistoni moja, bomba moja la eksozi. Likitokea tatizo, sehemu za kulitafuta ni chache.

Zamani mdundo huo ulikuja na gharama. Pistoni moja kubwa ikipanda na kushuka bila mwenzake wa kuipinga, pikipiki nzima inatikisika. Nati zinalegea, vioo vinaonyesha ukungu mtupu, taa ya nyuma inaachwa njiani. Injini za sasa zina shafti ya kusawazisha, yenye uzito upande mmoja, inayozunguka kinyume na krenki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Inafuta sehemu kubwa ya mtikisiko na kubakiza ladha.

Kuhusu ukizamani wenyewe, zipo pikipiki zilizozeeshwa kwa rangi jana mchana, na zipo zenye ukoo. Hii ina ukoo. Jina la Bullet lilianza mwaka 1932 kule Redditch, Uingereza. Miaka ya 1950 jeshi la India lilitaka pikipiki za doria mipakani, likachagua Bullet 350, na mwaka 1955 ikaundwa kampuni ya kuziunganisha Madras, mji ambao siku hizi unaitwa Chennai. Kampuni ya Uingereza ikaja kufa. Ile ya Madras haikuwa na habari, ikaendelea kutengeneza pikipiki ile ile, gia mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, miaka nenda miaka rudi, ikiwauzia watu usafiri wa kwenda kazini. Injini uliyoisikia wewe ni nyingine kabisa, mpya: ilianza na Meteor mwaka 2020, Classic ikawekewa mwaka 2021. Gia yake iko kushoto, usihofu.

Lakini hayo yote hayajaeleza usingizi umekwenda wapi. Watu husema ni kumbukumbu za utoto. Sikubaliani sana. Wengi wanaokuja kuniulizia hizi pikipiki wana miaka 25, hata ile Honda XL ya bwana shamba hawakuiona. Mimi naona sababu ni mwendo. Nimewaona wanaonunua pikipiki kubwa za silinda nyingi zilizotoka Japani kwa meli. Wanapendeza, sikatai. Kisha wanaingia barabara ya Segera: Pongwe hamsini, Muheza hamsini, kila palipo na kibanda cha machungwa hamsini, na chini ya mwembe kuna trafiki na tochi. Pikipiki ya farasi mia inatumika robo, hizo robo tatu zimelipiwa na kukatiwa bima na haziendi popote. Silinda moja ya 350 kwenye kilomita 70 iko katikati ya raha yake. Umezitumia gia zote, umesikia kila kitu, umewasalimia watu wa barazani na wakakuitikia. Huu ni mji wa baiskeli, mdogo wangu, mwendo wetu unaujua.

Sasa upande wa kaunta, na hapa nitakukosesha usingizi kwa sababu nyingine. Tairi ya mbele ya Classic ni inchi 19. Rafu yangu ina 17 na 18, kwa kuwa ndizo boda zetu zinavaa. Oili inataka 15W-50. Hapa kila duka limejaza 20W-50. Kebo ya klachi, filta ya oili, breki pedi, hakuna utakachoazima kwenye Boxer ya jirani. Nina mteja ambaye pikipiki yake ni ya kampuni nyingine nisiyoitaja, yenye sura hizi hizi. Kebo ya klachi ilimkatikia Muheza. Aliyemuuzia akamwambia asubiri, na akasubiri mpaka buibui wakajenga kwenye spoku. Mwishowe tulichukua kebo ya bajaji, fundi akaikata kwa urefu wake, akachanua nyuzi za ncha zikawa ua, akayeyusha risasi kwenye kifuniko cha soda, akaichovya ncha, ikaganda kichwa kipya. Akakipiga tupa kidogo kidogo mpaka kikakaa kwenye liva bila kucheza. Mpaka leo iko kazini. Ila kebo inachongwa. Kompyuta ya injeksheni haichongwi, na Classic ya sasa haina kabureta.

Kwa hiyo kabla hujatoa shilingi, muulize muuzaji spea zinatoka wapi na zinafika lini, na agiza pamoja na pikipiki kebo zote, filta, pedi, tyubu za akiba na oili ya kutosha. Gurudumu la spoku huvaa tyubu, ukipata pancha lazima livuliwe. Jifunze kulivua uani kwako, usijifunzie Mkanyageni jua la saa saba. Ukiitoa Kenya, ushuru ulipwe na TRA wakupe namba ya MC kabla hujaanza kuringa nayo. Angalia na leseni: injini ikivuka cc 125, unatakiwa kuwa na daraja A. Kofia ngumu iwe mpya, ya kufunika kidevu. Ukizamani uishie kwenye tenki.

Ni akili, basi. Lakini paua nyumba kwanza.

Shikamoo Mama Spea. Niko kijiwe cha Makorora, naendesha pikipiki ya Kichina cc 125, ya mkono wa pili. Nimeona picha za pikipiki zilizogeuzwa za kizamani: siti bapa ya kahawia, taa ya duara, eksozi imeviringishwa kitambaa. Fundi mmoja anasema atakata fremu kwa nyuma na kutoa mabati yote, kazi ya siku mbili. Nikubali? Wenzangu wanasema ya Kichina haiwezi kuwa ya kizamani hata uivishe nini. (Dereva, Makorora)

Marahaba, mwanangu. Usikate kitu mpaka umalize kusoma.

Chuchumaa upande wa kushoto wa injini, chini karibu na pedeli ya gia, futa tope kwa kitambaa chenye petroli. Utaona namba imegongwa kwenye chuma. Ikianza na 156FMI, isome hivi: 1 ni silinda moja, 56 ni upana wa silinda kwa milimita, F ni ya kupozwa na upepo, M ni ya pikipiki, I ni daraja la cc 125. Ikiwa 162FMJ, ni ndugu yake wa 150. Mteja akija kununua ringi simuulizi pikipiki yake ni ya kampuni gani, maana jina la kwenye tenki hubadilika kwa kila kontena. Namtuma akafute tope anisomee namba.

Ukiikuta hiyo, waambie wenzako wakae chini. Injini hiyo mara nyingi nasaba yake ni Honda CG125 ya mwaka 1976. Kabla yake Honda walikuwa na 125 yenye kemu, ile shafti ya kufungua valvu, juu kabisa ndani ya silinda hedi. Injini safi. Lakini kwenye nchi za joto na vumbi watu walikuwa wanaipakia kupita kiasi na oili hawabadilishi kwa wakati, na injini ikikosa oili kule juu ndiko kunakoanza kulika. Honda wakatuma wahandisi wakaone kwa macho yao. Wangeweza kurudi na kitabu cha kumkaripia mteja, ndivyo wengi wanavyofanya. Wao wakachora injini ya kumvumilia. Kemu wakaiteremsha chini karibu na krenki, inaendeshwa na gia, inasukuma valvu kwa pushirodi mbili ndefu, mtindo ambao mwaka ule tayari ulikuwa umeshapitwa na wakati. Taimini cheni, ile ya kuizungusha kemu ikiwa juu, ikaondoka kabisa. Wenye Boxer nawauzia taimini cheni; wewe hujawahi kuniulizia, na sasa umejua kwa nini.

Yaani pikipiki yako ilikuwa ya kizamani kwa makusudi tangu inachorwa, na ukizamani wake uko ndani, ambako hauchubuki. Pakistani wameendelea kuitengeneza CG125 miaka yote hii kwa sura karibu ile ile, na vijana wa kule wanaionea fahari.

Haya, unabadilisha nini? Taa ya mbele, ndiyo. Toa plastiki yote ya usoni, funga taa ya duara na mabano yake, nyaya za kwako zinatosha. Tenki lipake upya, damu ya mzee na mstari wa krimu, uniletee nilione. Siti mpelekee fundi wa makochi akushonee bapa, lakini ikae juu ya fremu ile ile na iwe na urefu wa watu wawili.

Fremu hapana. Sehemu ya nyuma ndiyo inayoshika shokapu na kubeba abiria. Ikikatwa ikachomewa na mtu wa madirisha, itakaa vizuri kwenye picha, kisha siku unampakia mama mmoja na mtungi wake wa gesi, unaruka tuta, kiungo kinafunguka. Halafu wewe unakula kwa abiria. Kibali chako cha LATRA ni cha kubeba mtu. Siti ya mtu mmoja imeshakufukuza kazi. Madigadi ya nyuma nayo iache. Masika ya hapa yatampaka abiria tope mgongo mzima, atashuka bila kulipa na atakuwa na haki.

Kitambaa cha eksozi nacho hapana. Hewa yetu ina chumvi. Kitambaa kinanyonya unyevu na kuufungia kwenye bomba, na utakapokifungua baada ya mvua utakuta bomba ni ungo. Wala usiitoboe eksozi kutafuta mdundo. cc 125 ikitobolewa haipati mdundo, inapata kelele. Tena kabureta yako jeti yake, kile kitundu cha kupitisha petroli, imepimwa kwa eksozi nzima. Hewa ikitoka ovyo mchanganyiko unakuwa mwembamba, plagi inageuka nyeupe, pistoni inachemka, na mimi ndiye nitakayekuuzia nyingine. Naweza kunyamaza nikapata faida, lakini mama yako ananijua.

Hujambo Mama Spea. Shemeji yangu ni baharia, alileta Yamaha SR400 kutoka Japani, sasa yuko safarini ameniachia ufunguo. Haina stata, ni kiki tu. Nimepiga kiki mpaka ugoko umechubuka, na safari moja kiki ilirudi na nguvu ikanitupa. Imeharibika au ni mimi? (Mwalimu, Pangani)

Sijambo, mwalimu. Ni wewe. Mwaka 1978 ilipoanza kutengenezwa ilikuwa ya kiki, na mwaka 2021 ilipofikia mwisho kule Japani bado ilikuwa ya kiki. Njiani walikubali kuiwekea injeksheni, stata wakakataa katakata.

Inataka kupigwa kwa utaratibu. Kwenye silinda hedi, upande wa kulia, kuna kidirisha kidogo cha mviringo. Na kwenye usukani upande wa kushoto, chini ya liva ya klachi, kuna kiliva kidogo: hicho hufungua kidogo valvu ya eksozi ili hewa iliyoshindiliwa ipate pa kutokea. Washa swichi, gia iwe nyutro. Sukuma kiki taratibu mpaka igome. Ikigoma usishindane nayo. Vuta kiliva, endelea kuisukuma polepole huku jicho liko kwenye kidirisha, mpaka alama itokeze. Achia kiliva. Acha kiki irudi juu yenyewe. Sasa simama juu yake na uikanyage mara moja mpaka chini, kwa uzito wa mwili, mkono wa kulia usiguse mafuta. Kama yako ni ya zamani yenye kabureta na injini imepoa, vuta choki kwanza.

Alama ile inakuambia kwamba pistoni imeshapita kilele chake. Ukianzia hapo, mguu wako unapata nafasi ya kuizungusha flaiwili ipate kasi kabla pistoni haijakutana tena na mshindilio. Ukianzia popote ulipoikuta, cheche inaweza kuwaka pistoni ikiwa bado inapanda bila nguvu ya kuvuka, inasukumwa irudi ilikotoka, na wewe na kiki mnarudi nayo. Ndiyo iliyokutupa.

Wapo wanaosema kiki ndiyo raha yenyewe, kwamba pikipiki isiyokudai kitu haina heshima. Kijana wa miaka 20 ana ruhusa ya kusema hivyo. Mimi na goti langu la kulia tunapenda kitufe. Na ugoko uliochubuka unaniambia ulivaa kandambili, vaa buti.

Mama Spea, Vespa inahesabika? Babu yangu anayo moja stoo, haijawashwa muda mrefu. (Msomaji, Bagamoyo)

Inahesabika sana. Vespa ilianza mwaka 1946 kule Italia na skuta zao za petroli zote ni za silinda moja. Ya babu yako kama ni ya zamani ni ya mipigo miwili, na nyingi za namna hiyo oili inachanganywa kwenye petroli. Ukiijaza petroli tupu ukaenda nayo hata kwa mangi tu, pistoni itang'ang'ania. Injini imekaa upande wa kulia, ndiyo maana ukiachia usukani inavuta upande. Usiiwashe kabla hujamwaga petroli ya zamani na kusafisha kabureta. Mwombe babu ruhusa kwanza, wazee wa Bagamoyo wanazijua funguo zao hata gizani.

Mama Spea, mume wangu alinunua pikipiki ya sura ya kizamani kwa mtu wa Dar. Kila Jumapili anaiosha kwa ndoo tatu za maji ya bomba, wakati kisima tunacho, halafu anavuta kiti anakaa kuitazama. Nikitaka anipakie hakuna pa kukaa, kiti ni kimoja tu, anasema ndivyo zilivyoumbwa. Nisaidie. (Mama wawili, Mikanjuni)

Dada, la maji yuko sahihi. Pikipiki hizi zina kromu na spoku na vyuma vilivyo wazi, hazina plastiki ya kujifunika, na upepo wa bahari yetu haulali. Chumvi ikikaa kwenye kichwa cha spoku inaanza kutu kwa ndani. Siku utakapoiona, spoku tayari imekatika. Na visima vingi vya huku navyo vina chumvi, akioshea maji ya kisima anaipaka chumvi juu ya chumvi. Ila ndoo tatu ni anasa. Mbili zinatosha, moja ya sabuni na moja ya kusuuza, kisha aikaushe kwa kitambaa na kupitisha tambara lenye oili kidogo kwenye spoku na boliti. Asitumie mpira wa presha kwenye bearingi za magurudumu; maji yakiingia hayatoki, na grisi inakufa.

La kukaa kuitazama sina spea yake.

La kiti, sasa. Nyingi za aina hii hutoka kiwandani na viti viwili. Cha abiria hufungwa kwa boliti, na wapo wanaokivua ili pikipiki ionekane ya kwenye picha. Akienda kuoga, tazama nyuma ya kiti cha dereva, juu ya madigadi, kama kuna matundu ya boliti yaliyobaki wazi. Ukiyakuta, muulize kiti kiko wapi. Boliti zake ninazo.